Nguzo ya Kwanza ya Nyumba ya Shangazi

Kijiji cha Nakorovou,
Kisiwa cha Koro,
Fiji.
14 Aprili 2016

Mpendwa binamu Peniasi,

Pokea salamu za sisi sote tuliobaki na vichwa, ingawa si wote tuliobaki na mapaa. Hujambo huko jangwani Sinai, na jeshi la kulinda amani? Mgongo wako umepona, au bado unausingizia kila ukiambiwa ubebe kitu kizito? Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, na mke wangu Akanisi anasema nimependeza.

Mama yako, shangazi yangu, ni mzima. Naliandika hili mapema kwa sababu tumesikia umemwomba mkuu wako akuruhusu kurudi kabla ya zamu yako kwisha. Mnara wa simu bado umelala chali, kwa hiyo barua hii inakuja kwa boti ya jeshi la majini. Tafadhali, isome yote kabla hujafunga begi.

Nyumba ya zamani haipo tena. Kimbunga kiling'oa paa, kisha bahari ikaja kuchukua kilichobaki, mpaka ukuta wa kanisa. Kila mwaka maji yalikuwa yanasogea, nasi tukawa tunahamisha mabanda ya nguruwe tu na kujifanya hatuoni. Safari hii tulikimbilia kilimani. Shangazi nilimbeba mgongoni, naye akanitukana njia nzima kwamba namtikisa kama gunia la nazi, huku amekumbatia ule mkeka aliousuka kwa ajili ya harusi yako. Ndicho kitu pekee alichookoa.

Baadaye wakaja wanajeshi wetu, kikosi cha uhandisi, na tingatinga, mbao na mabati. Wamesawazisha uwanja kule juu na kijiji kizima kinahamia huko. Walipotoa yakona, mizizi ile ya kinywaji cha heshima, mbele ya mkuu wa kijiji, kama desturi inavyotaka, sajini wao akajitambulisha: Vilimoni, wa Namolau, pwani ya Ra. Watani wetu! Watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakaanza kumzomea. Mchana uleule aliingia jikoni kwangu, akabeba sufuria nzima ya muhogo bila kuomba, akisema watu wa Koro hawajui kula. Akanisi akammwagia maji. Sikuwa nimemsikia mke wangu akicheka tangu kimbunga.

Matatizo yalianza zamu ya nyumba ya mama yako ilipofika. Unajua msimamo wake: nguzo ya kwanza husimikwa na mtoto wa kiume wa nyumba. Babu yako alisimika yake, marehemu baba yako akasimika yake, basi na hii itakungoja wewe. Akaleta kigoda, akakaa kando ya shimo, hataki mtu aguse. Kikosi kilikuwa kinaondoka Jumamosi kwenda kisiwa kingine. Nikajitolea mimi. Mama yako akanipima kwa macho:

"Wewe, Inosi? Banda lako la kuku lilikuwa limeinama hata kabla ya kimbunga!"

Hapo niliogopa kweli, binamu. Niliona mama yako akibaki katika hema mwaka mzima, au wewe ukitupa kazi uliyoihangaikia tangu ujana. Sajini akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, mimi mtani wako. Nikitaka nguruwe wako, si nachukua?"

"Mwizi kama wewe, nani atakuzuia?"

"Na kuku?"

"Beba! Beba na manyoya yake, uondoke!"

"Basi leo sitaki nguruwe wala kuku. Nachukua nafasi ya mwanao. Akirudi, aje anidai."

Shangazi akainuka, akasogeza kigoda. "Ikipinda," akasema, "nakufukia humohumo."

Sajini akaisimika, na haikupinda. Nimeipima mwenyewe kwa macho yangu yote mawili. Mama yako alilia, akasingizia moshi, na moto ulikuwa bado haujawashwa.

Wakati wa kula alimrudia sajini. Akamuuliza mama yake analala katika nyumba iliyoibwa kwa nani. Vilimoni akacheka, kisha akajibu taratibu kwamba kimbunga hikihiki kilipita Namolau. Mama yake yuko chini ya turubai. Kikosi hakijafika huko bado, na mwanajeshi huenda anakotumwa.

Shangazi alikwenda hemani, akarudi na mkeka wa harusi yako, akaufunga kwenye begi la sajini kwa mikono yake ili ampelekee mama yake. Sajini alipojaribu kukataa, shangazi akamwambia mtani haombwi ruhusa.

Kisha akanigeukia mimi. Nakuandikia alivyosema, bila kupunguza: "Mwambie Peniasi amalize kazi yake huko. Akirudi Fiji, asije kwangu kwanza. Ashukie Namolau. Mama wa huyu mwizi naye ana nguzo inayongoja mtoto."

Akanisi anakusalimu sana. Mama yako anasema salamu zake ndizo hizo hapo juu. Nami, ingawa nakutania, nakukumbuka kila siku, hasa nikibeba mbao peke yangu.

Mungu akulinde katika jangwa hilo, aupe nguvu mgongo wako, na akufikishe salama Namolau.

Ni mimi binamu yako akupendaye daima,
Inosi