Meza, Bilali

Beni, tarehe 10 Machi 2025

Kwa yaya Yasmine, dada yangu mukubwa,

Salamu zikukute muzima wewe na batoto, huko Kimemi, Butembo. Huku tuko salama, isipokuwa shingo yangu. Kila nikimeza, kivimbe kinatoka upande wa kuume, kama yai la njiwa. Nikimaliza kumeza, kinapotea. Juzi nilienda hospitali, docta akapitisha shingoni mashine ya ekografi, ile ya kuonyesha ndani ya mwili, lakini hakuona kitu. Batu banasema ni sumu. Muganga mumoja wa Kalunguta atakuja Jumamosi kupasua, aitoe. Nimekubali. Uniombee.

Mudogo wako, Bilali

Butembo, tarehe 12 Machi 2025

Kwa mudogo wangu Bilali,

Sisi tuko bazima. Wewe ndiwe unatukosesha usingizi. Nitajie mutu mumoja aliyepona sumu kwa kukatwa shingo na wembe. Nangoja.

Muke wako Sifa amenieleza yale uliyoficha. Docta alikupa kikombe cha maji umeze mbele ya mashine, ukakataa, ati umefunga Ramadhani. Kivimbe kinatoka ukimeza, na wewe hukumeza. Docta angeona nini? Mwenyezi Mungu amemuruhusu mugonjwa kufungua, alipe siku ile baadaye. Nani alikutuma uwe mukali kumupita Yeye?

Kesho rudi, unywe. Wembe ukigusa shingo hiyo, usiniite tena yaya.

Yaya wako, Yasmine

Beni, tarehe 16 Machi 2025

Kwa yaya wangu,

Pokea salamu, na shingo yangu nzima inakusalimu pia. Alhamisi nilirudi. Nilimeza mara moja tu, docta akasema, "Mwizi wetu huyu hapa. Kumbe ulikuwa unamulinda."

Ni musuli mwembamba unaotoka begani kwenda kwenye mufupa mudogo wa koo. Nikimeza, unapaswa kunyooka. Wangu unajikunja na kusukuma ngozi. Niliuliza kama ni kansa mara tatu, mpaka docta akauliza kama masikio nayo yanauma. Hapana kansa, hapana sumu, hapana kupasua.

Jana muganga alifika na begi yake. Sifa alimusalimu mulangoni, na mulangoni akaagana naye.

Ile siku moja niliyofungua nitailipa baada ya Idi. Shida imebaki hii: nikifuturu, batoto ba jirani banapanga mustari, kila mumoja na kikombe chake cha maji, anataka nimeze chake aone kivimbe. Jana nilikunywa vikombe saba.

Mudogo wako, Bilali