Nukta Kumi na Mbili

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Imekolea kupita kiasi, sababu utaisoma hapo chini. Wali nimeufunika, ~~usiuguse mpaka nirudi~~ kula tu, usinisubiri. Mwenye gauni la zambarau akija, mwambie limebaki kupindwa chini.

Jana ulinikera, sikufichi. Uliniambia niandike nenosiri kwenye daftari langu la vipimo, nami nikaandika nilichokiona kwenye kompyuta: nukta kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu vifungo. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, nikaenda kulala bila kukuaga.

Asubuhi, wewe ukiwa bado unakoroma, nikafungua mwenyewe ule ukurasa wa kujiandikisha mtihani wa ushonaji, maana leo ndiyo mwisho. Nukta zikajipanga zenyewe. Pembeni nikaona kajicho kadogo, nikakabonyeza. Nukta zote zikageuka herufi: mamaatafaulu.

Kumbe ndilo ulilonichagulia, mcheka watu wewe! Nilikaa pale nikilitazama, chai ikachemka mpaka ikafurika.

Nimeshajiandikisha, sasa napeleka picha zangu za pasipoti kwenye kituo cha mtihani. Nenosiri nimelibadilisha, maana ulisema asilijue mtu wa pili, na wewe ni mtu wa pili. Lakini lile la kwanza nimeliandika kwenye daftari, kwa herufi safari hii, ukurasa wa mbele kabisa, juu ya vipimo vya watu wote.

Usisahau kuzima pasi.

Mama yako, mtahiniwa