Bendera Tano za Kisesa

Jumanne, 19 Agosti
Nimetia mafuta cherehani, nikakata utepe mweusi wa bendera ya tatu. Bendera tano za taifa, za shule mpya Kisesa. Inafunguliwa Jumatatu. Kazi kubwa ya kwanza tangu nifungue kibanda changu hapa Mirongo. Kitambaa cha mshazari kinavutika, kinataka subira. Mgongo unauma. Nina furaha.

Alhamisi, 21 Agosti
Zimeisha. Mwalimu mkuu akaja kuziona. Akatazama weee, kisha: "Dada, mbona kijani kiko mbali na mlingoti?"
Kijani kinakaa juu, upande wa mlingoti. Bluu chini, upande wa pili. Utepe mweusi unapanda katikati kutoka mlingotini. Wangu unashuka. Kwenye zote tano! Niliiga picha iliyopigwa kwa nyuma ya bendera. Mjinga mimi.
Amenipa mpaka Jumapili.

Ijumaa, 22 Agosti
Lazima nikate upya, na kijani kile kimekwisha madukani. Labda Mama Sayi, kule Pasiansi, anacho. Ndiye aliyenifundisha ushonaji. Mwaka jana niliondoka kwake bila kuaga, nikamchukulia na wateja wawili. Siendi. Naona aibu.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimekwenda.
"Shikamoo, mama."
Alimaliza kwanza mshono wake, nikadhani haitikii. "Marahaba. Fungua huo mzigo."
Akatandaza bendera moja mezani, akapitisha kidole kwenye mishono. Nimeikunja mara mbili, kama alivyonifundisha, nyuzi hazionekani upande wowote. Nyuma ya bendera ni sawa na mbele. Akaigeuza. Bluu ikawa chini kulia, kijani juu kushoto.
"Usifumue vipande. Pindo la kamba ya mlingoti tu, lihamishie huku, upande wa kijani."
Basi. Pindo tu. Nikalia kama mtoto. Nikaomba msamaha, kwa yote.
"Niliumia, Neema," akasema. "Haya, kaa ule kwanza."
Ugali na sato. Kisha tukashona, yeye tatu, mimi mbili.

Jumapili, 24 Agosti
Nimezipeleka. Mwalimu mkuu amezipokea zote. Nimeshukuru kanisani, nimeshukuru njiani.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimetoka Kisesa. Bendera ilipandishwa asubuhi, watoto wakaimba. Kijani juu, mlingotini.
Mama Sayi hakuweza kuja, miguu inamsumbua. Nikampigia simu.
"Imekaa vizuri?"
"Imekaa, mama."
Hakukata simu. Nami sikukata. Nikasikia cherehani yake ikizunguka taratibu.