Jipu si la Kukamua

Kaka,

Chai iko kwenye chupa. Shati lako la mikono mirefu bado halijakauka, vaa fulana.

Asubuhi ulipokuwa unanawa niliuona mkono wako umevimba mpaka unang'aa, jipu limeiva palepale unapojidunga. Ukaniambia umeng'atwa na mbu. Mbu gani huyo, kaka, anayetembea na bomba la sindano?

Usilikamue! Nimempigia nesi wa zahanati. Anasema lipasuliwe leo, sumu isije ikaingia kwenye damu. Hakuuliza mengine.

~~Usipokwenda, usiniite tena mdogo wako.~~

Kama unaona haya kwenda peke yako, nisubiri. Mchana nafunga saluni twende wote. Wakikuuliza maswali, nitakaa karibu yako.

Mdogo wako