Aliyesimama Kivukoni

Harrowmere, siku ya Mtakatifu Martini, 1345

Mpwa wangu Hamon,

Salamu nyingi, na ashukuriwe Mungu kwamba zitakukuta u hai. Hujambo? Jeraha la mkono limefunga? Sisi huku wazima, ila mama yako anakohoa, na goti langu halitaki tena kusikia habari za ngazi. Tumechinja nguruwe wa majira ya baridi, kila mtu ananuka chumvi na moshi.

Habari zako zimetangulia barua yako. Mtawa mmoja aliyepita hapa akitokea Carlisle alitusimulia jinsi Waskoti walivyowavamia mkivuka mto, Bwana Fulk akaanguka, wengine wakatawanyika, na wewe ukasimama peke yako juu ya mwili wake mpaka wenzenu waliporudi. Mama yako alikaa chini palepale, kwenye majani ya sakafuni. Hakulia. Alisema tu, "Hamon wangu?" kama mtu anayeuliza.

Sasa nisikilize. Bibi Idonea, mjane wa Bwana Fulk, ameniagiza nitunge shairi la kifo cha mumewe, nilighani ukumbini siku ya Krismasi. Miaka thelathini naghani habari za mashujaa ambao hata makaburi yao hayajulikani, na leo shujaa ni mtoto niliyemfundisha kusoma. Unajua wazee wetu walivyompima shujaa: bwana wake akianguka, yeye hasogei. Basi. Hizi hadithi mpya zinazotoka Ufaransa zinataka awe pia na farasi wa kupendeza, adabu za mezani na bibi wa kumlilia. Wewe una mama, atatosha.

Niandikie basi. Farasi wako alikuwa wa rangi gani siku hiyo? Bwana Fulk alisema nini kabla ya kukata roho? Na yule Wilkin, mwendesha mkokoteni wetu, ambaye hajaonekana tena, alikimbilia wapi?

Mjomba wako,
Thurstan


Carlisle, siku ya Mtakatifu Andrea

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mfanyabiashara wa sufu. Mkono wangu umepona, ulikuwa mkwaruzo tu. Tunakula shayiri na samaki mkavu, na upepo wa huku unaingia hadi kwenye meno. Mwambie mama anywe asali kwa maji ya moto.

Kuhusu shairi, farasi ni yule wa kijivu unayemjua, na sikuwa nimempanda. Bwana Fulk hakusema neno, mshale ulimwingia kooni. Kulikuwa na ukungu. Sina zaidi ya hayo. Nakuomba umghani Bwana Fulk mwenyewe, jina langu uliache.

Habari za Wilkin sizijui. Wengi hawakuonekana tena.

Mpwa wako,
Hamon


Harrowmere, siku ya Mamajusi, 1346

Mpwa wangu mpenzi,

Heri ya mwaka mpya, na baridi ikuonee huruma. Mama yako amepona kikohozi. Nadhani kimeponywa na fahari.

Uliniandikia kwamba niliache jina lako. Nilicheka, nikamsomea mama yako, naye akacheka. Shujaa wa kweli hajisifu, hilo nimelighani tangu sijaota ndevu. Basi nimekusifu mimi. Nimekupa farasi mweupe, maana wa kijivu hasikiki vizuri, na Bwana Fulk nimempa maneno machache ya kukuaga. Ungeuona ukumbi. Watu waliacha nyama ikapoa. Bibi Idonea alilia waziwazi, kisha akasema kwamba kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita, utaitwa nyumbani uvishwe upanga na kufanywa mwungwana wa vita.

Sehemu moja ilinisumbua kwa siku nyingi. Shujaa hang'ai mpaka awepo mwoga kando yake. Na ushairi wetu wa huku magharibi unataka maneno makubwa ya mstari yaanze kwa sauti moja. Nikamkumbuka Wilkin, akaingia kwenye mstari kama mguu kwenye soksi: *Wilkin, woga ukamwingia, wenzake akawaacha.* Ukumbi mzima ulizomea. Mkewe, Emmota, alikuwa anapitisha bia. Aliweka mtungi chini, akatoka. Nilimwona. Lakini mtu akiwa katikati ya shairi haachi.

Niandikie upesi.

Mjomba wako,
Thurstan


Harrowmere, wiki ya pili ya Kwaresima

Hamon mpwa wangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu nakuandikia bila jibu. Watu wanaotoka huko wanasema u mzima, unakula, unalinda ukuta. Kwa nini basi huandiki? Sisi wazima, tunakula kunde na kuota nyama.

Kuna jambo. Msimamizi wa shamba amemtoa Emmota kwenye nyumba yake na kipande chake cha ardhi, akisema mke wa mtoro hana haki. Watoto wake wanaitwa "wa Wilkin Woga" hata na watoto wadogo wasiojua bado kusali. Mstari ule wanaujua wote. Kabla hajaondoka alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kukaribia moto.

"Nani alimwona akikimbia?" aliniuliza.

Nikamwambia kila mtu anajua.

"Sijauliza nani anajua. Nimeuliza nani alimwona."

Wewe ndiye uliyekuwepo. Ulimwona?

Mjomba wako,
Thurstan


Carlisle, Jumatatu baada ya Pasaka

Mjomba,

Nakusalimu wewe na mama, ingawa sistahili kumsalimu mtu.

Nilimwona. Hakukimbia. Nilikimbia mimi.

Mshale ulipompata Bwana Fulk, kila mtu alishika njia yake, nami nikashuka na mto mpaka kwenye matete, nikalala majini, maji yakanifika kidevuni. Kutoka pale hadi kivukoni ni hatua kama thelathini. Ukungu ulikuwa unafunguka na kufunga. Wilkin alikuwa ameusimamisha mkokoteni katikati ya maji. Akachomoa mti wa kufungia ng'ombe, akaja akasimama juu ya mwili wa Bwana Fulk, ambaye alikuwa ameshakufa. Sijui kwa nini. Bwana Fulk hakuwahi hata kulijua jina lake.

Hakuwa kama watu wa mashairi yako. Alikuwa analia na kutukana, tena matusi ya zizini. Waskoti walikuja watatu, akawapiga wakarudi nyuma. Wakaja wengine. Hapo ndipo aliponiona. Akaniita, "Hamon, njoo!" Hakusema bwana. "Hamon!" Aliita mara tatu. Niliziba mdomo kwa mkono asinisikie ninavyohema.

Walimwangusha, mto ukamchukua. Halafu baragumu za watu wetu zikasikika, Waskoti wakaondoka. Nilitoka nikapiga magoti pale alipokuwa Bwana Fulk. Damu ya mkono wangu ni matete yaliyonikata nilipokuwa natambaa. Kapteni alifika, akanikuta nimelowa, nimejaa damu, mwili uko mbele yangu. Akauliza, "Umesimama peke yako?" Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Yeye akawaambia wengine, wengine wakamwambia mtawa, mtawa akakwambia wewe.

Kila siku hapa wananipisha nikae karibu na moto. Nami nakaa.

Mpwa wako,
Hamon


Harrowmere, siku ya Mtakatifu Marko

Hamon,

Sisi wazima. Barua yako niliisoma mara mbili, nikaificha chini ya godoro kama kitu cha wizi. Mama yako hajui.

Nilitaka kukukasirikia na nikashindwa. Wewe uliogopa mishale, na mishale inatisha. Mimi niliogopa nini? Nilikuwa nimekaa kando ya moto, nimeshiba, natafuta jina linaloanza kwa sauti niliyoitaka.

Nilikwenda kwa Emmota. Anaishi kwa kaka yake, mwendo wa nusu siku kutoka hapa, wanalala yeye na mabinti zake kwenye dari juu ya kondoo. Alikuwa anachambua sufu. Nilimsomea barua yako yote, hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Mume wangu alipitiwa na gurudumu kwenye nyonga. Miaka minane anachechemea. Angekimbiaje?"

Mpwa wangu, nilikuwa najua. Nimempisha njiani mara ngapi, kwa vile alivyokuwa anayumba. Kila aliyezomea ukumbini siku ile alikuwa anajua. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka ile nyonga shairi lilipokuwa linaendelea.

Nilimwambia nitatunga upya na kumpa Wilkin upanga wenye jina, kama walivyokuwa nao wa kale. Akasema, "Mpe alichokuwa nacho." Halafu akauliza kama na kule kuita kutakuwemo. Nikamweleza, kwa ujinga wangu, kwamba mashujaa hawaiti msaada.

"Basi yeye aliita," akasema. "Kuweke."

Nitalighani sikukuu ya Mtakatifu Yohana, wakati Bibi Idonea anakungoja uvishwe upanga. Hajui lolote. Ninaweza kulitunga hivi kwamba asijulikane nani alikuwa kwenye matete. Niambie unatakaje.

Mjomba wako,
Thurstan


Carlisle, wiki ya Pentekoste

Mjomba,

Natumaini goti lina nafuu.

Usinifiche. Ukifika pale anapoita, taja jina aliloita.

Ningekuja kusema mwenyewe. Nilipewa ruhusa, nikapanda farasi, nikafika Penrith, njiani kuja huko. Pale nikamgeuza.

Mpwa wako,
Hamon


Harrowmere, siku ya nne baada ya Mtakatifu Yohana

Mpwa wangu Hamon,

Salamu kutoka kwetu sote tulio hai. Shayiri imeanza kushika rangi, na goti ni lilelile.

Tulikaa uani kwa sababu ya jua. Bibi Idonea alikuwa kwenye kiti chake, upanga wako umelazwa mezani juu ya kitambaa. Walipomwambia hujafika, alisema labda barabara ni mbaya. Mama yako alikuwa mstari wa mbele na gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Emmota nilimwomba aje, akaja, akasimama langoni na mabinti zake wawili. Hakuna aliyempa nafasi ya kukaa.

Nikaanza. Nilimwondoa farasi mweupe, wakaanza kutazamana. Niliyaondoa maneno ya Bwana Fulk, Bibi Idonea akainua kichwa. Nikamsimamisha Wilkin kivukoni na mti wake na nyonga yake mbovu, analia na kutukana, na matusi nikayasema kama ulivyoniandikia. Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Hapo nikafika pale anapoita.

Sikuweza. Nilimtazama mama yako, ulimi ukanigeuka. Nikaghani: *akamwita mwenzake, mara moja, mbili, tatu, na mwenzake hakuja.* Nilikuwa nimeshaufungua mdomo kwa mstari unaofuata.

Emmota akauliza kutoka langoni, wala si kwa sauti kubwa, "Mwenzake nani?"

Kulikuwa na watu sitini pale, na hakuna aliyemnyamazisha. Umeniomba nikutaje, nikakuficha. Mwanamke ambaye nimemvunjia nyumba ndiye aliyelazimika kuniuliza mbele ya watu. Nikalitaja jina lako. Halikuwa kwenye mstari, wala sauti haikulingana na kitu chochote. Nilisema tu, "Hamon, mtoto wa dada yangu."

Sikumaliza shairi. Bibi Idonea aliuchukua upanga mwenyewe, akaingia nao ndani. Kesho yake aliniita, akaniambia ukumbi wake hauna tena kazi na mimi, na kwamba msimamizi ameagizwa amrudishie Emmota nyumba na ardhi. Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile. Emmota amerudi. Watu wanamsalimia mno, wanavuka barabara kumsalimia, lakini sijasikia aliyemwomba radhi. Mimi nilijaribu. Aliniambia anataka kulima.

Jana wamepita waghani wawili wakielekea Chester, wakiimba njiani lile la farasi mweupe. Niliwafuata nikawaeleza. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakasema hilo la kwanza ndilo linalopendwa.

Nitaondoka wiki hii, nikatafute mahali pa kufundisha watoto kusoma. Barua zako zipeleke kwa paroko, atajua nilipo.

Mama yako amefanya kazi zake siku hizi tatu. Amelivua lile gauni, amelikunja, amekanda mkate, amelisha kuku. Leo asubuhi alinifuata nikiwa nafunga mizigo, akaniuliza jambo moja tu: kama yale maji ulimolala yalikuwa baridi sana.

Nikamwambia sijui. Amesema nikuulize.

Mjomba wako,
Thurstan