Konokono Kwenye Barabara ya Malemba

Jumapili, 5 Septemba 1954

Gari liko uani kwetu. Langu! Naandika neno hilo na bado siamini.

Ni lile kamyo la Mzungu mpima ardhi, aliyezunguka nalo Katanga miaka mingi, akilala humo, akipika humo, akinyoa ndevu humo. Amerudi kwao Ulaya na mgongo mbovu. Leo nimeuelewa mgongo wake. Nimeliendesha kutoka stesheni hadi nyumbani tu, na kiuno changu kinalia. Nyuma ya kabini ni nyumba kamili: kuta za mbao, madirisha mawili, pipa la maji, kijiko kimoja alichosahau, na kitanda cha askari, chembamba kama benchi la kanisa. Lakini likikata kona linainama kushoto, naushika usukani kwa mikono miwili na kumkumbuka Mungu.

Mke wangu Noémie alilizunguka, akalipiga teke tairi. Akauliza kama nitahamia humo, ili yeye apumzike na kukoroma kwangu. Nikamwambia ni la biashara: nitafuata samaki hadi Malemba-Nkulu, na njiani sitaomba kibaraza cha mtu. Akasema haya. Jirani yetu Ambroise, anayetengeneza mabehewa kule stesheni, akaliita Konokono, mwenye nyumba mgongoni. Jina limeshika. Njia nzima inaliita Konokono.

Jumanne, 14 Septemba

Nimejua sababu ya kuinama. Lile pipa! Mzungu alilifunga juu karibu na paa, upande wa kushoto, maana alipenda kuoga maji yanayomshukia. Nimelishusha chini ya sakafu, katikati ya magurudumu. Kona zimekuwa kona za kawaida.

Kisha resori, yale mabamba ya chuma yanayobeba mzigo. Ya nyuma mawili yamevunjika. Ambroise akashauri tuongeze mabamba mengi, gari lisitikisike kabisa. Tukaongeza. Ehe — halikutikisika, lilirusha. Kijiko cha Mzungu kiligonga paa. Tukatoa mabamba, tukacheka, tukatoa mengine. Nikapunguza na upepo wa matairi kidogo. Gari likikazwa mno linakuwa na hasira, na mimi nina hasira za kutosha nyumbani mwangu.

(Noémie hasomi daftari hili. Natumaini.)

Jumamosi, 18 Septemba

Habari mbaya. Mama mkwe ametolewa hospitali. Mama Kyabu yuko hapa Kamina tangu kiangazi kianze, kwa ajili ya moyo. Anakaa kwa Ève, mtoto wa dada yake, njia ya nyuma. Kwetu hawezi kulala. Mimi ni mkwe wake. Leo daktari amemwambia Noémie kwamba dawa ziendelee, lakini mama asidanganywe. Moyo umechoka.

Mama mwenyewe hakulia. Ameomba jambo moja tu: apelekwe kwao Malemba, awaone kaka zake akiwa bado na macho ya kuwaona. Treni hadi Bukama, halafu meli ya mtoni — hataweza. Meli hukaa bandarini inapotaka, na yeye hawezi kuketi muda mrefu, miguu inavimba. Noémie alinieleza haya akitazama dirishani, uani. Hakuniomba. Nikasema nitawapeleka, kabla mvua hazijaikata barabara.

Niandike na hili, maana kulisema siwezi. Nampenda yule mama. Tangu nimuoe binti yake hatujala pamoja, hatujapeana mkono. Tukikutana njiani natoka kando, nainamisha macho, naye anapita akiwa ameinamisha yake. Ndiyo heshima ya mkwe kwetu Baluba, na sijawahi kuiona mzigo. Lakini kila mwaka, samaki mkavu mkubwa kuliko wote hunifikia kwa mkono wa mtu mwingine, amefungwa kwa majani. "Ni ya bwana ya Noémie." Uso wake naujua wa ubavuni tu.

Alhamisi, 23 Septemba

Kazi, kazi! Kitanda cha askari nimekitupa. Nimetengeneza kipana, cha mbao ngumu ya mulombwa, nikakifunga kwa bolti ukuta hadi ukuta. Faida mbili: mgonjwa atalala vizuri, na kuta zimeacha kulia. Gari zima limeshikana. Godoro ni la sufi, Noémie amelishona mwenyewe. Nimekata tundu kati ya kabini na nyumba, upepo upite, nami nisikie wanavyoendelea huko nyuma. Pazia la kitenge. Rafu ya sufuria. Mahali pa taa.

Tumelala humo jana na juzi, kujaribu. Noémie amecheka sana. Sitaandika zaidi.

Jumapili, 26 Septemba

Baada ya misa, jaribio kubwa, barabara ya Luena, pale penye makunyanzi mabaya, yale matuta madogo yanayofuatana kama mawimbi. Noémie amelala kitandani, bakuli la maji kifuani pake. Mara ya kwanza nilikwenda polepole sana. Akalowa! Akanitukana kupitia lile tundu, kwa Kiluba, ambacho kwa matusi hakina mpinzani. Tukalijaza bakuli tena, nikageuza, nikaongeza mwendo kidogo. Ajabu — kuna mwendo mmoja ambapo gari linapita juu ya makunyanzi badala ya kutumbukia ndani yake. Nikaushika. Niliposimama, bakuli lilikuwa bado limejaa karibu lote. Noémie alikuwa amefumba macho. Akasema hata mtoto mchanga angelala.

Nimejisifu mbele ya Ambroise mpaka akaenda kwake.

Jumanne, 28 Septemba

Nimejipalia makaa. Mimi mwenyewe, kwa koleo langu.

Ève alimleta mama jioni, aone gari kabla ya safari. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, kama inavyonipasa. Nikawa nasikia. Alisifu ngazi, kwamba ni fupi. Alisifu dirisha. Nilitabasamu peke yangu kule nyuma kama mjinga. Kisha sauti yake:

"Hii kitanda, ni nani analalaka mule?"

Noémie hajui uongo. Akasema: "Ni minyi na Amédée, mama. Tulikuwa tunaijaribu."

"Sasa munataka kunilalisha mu kitanda ya mukwe wangu." Hakupaza sauti. "Hapana, mwana wangu. Afazali nikufe hapa Kamina."

Akashuka. Hata ngazi hakuikalia, alikaa chini, udongoni, mpaka pumzi ilipomrudia. Ndipo Ève akamrudisha.

Nilibaki pale nyuma, siwezi kutoka. Mkwe niliyejificha nyuma ya nyumba nisimwone uso — na ndiye huyohuyo niliyemtandikia kitanda changu cha ndoa! Sikufikiria. Siku zote hizi nilikuwa natazama resori. Kichwani mwangu lilikuwa gari, na garini watu hukaa popote. Kumbe kila nilichoongeza kiliongeza nyumba: pazia nyumba, godoro nyumba, tundu la kuzungumza na mke wangu nyumba. Ningeliacha bovu, na kitanda chake cha askari, mama angepanda leo bila neno. Nimelitengeneza mpaka haliwezi kumbeba.

Jumatano, 29 Septemba

Noémie hasemi nami. Mvua ya kwanza, fupi. Vumbi limelala.

Ijumaa, 1 Oktoba

Leo amesema, na ingekuwa heri angenyamaza. Anataka tumdanganye mama. Tubadilishe godoro, tuseme kitanda ni kipya, tumeazima kwa masista. Eti desturi haijawahi kumzika mtu vizuri, ni watu wanaozika. Nikamwambia siwezi. Akauliza mimi ni mkwe wa mama yake au mkwe wa mbao. Nikajibu vibaya. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, na naona haya.

Anaogopa. Nami naogopa. Kila wingu linalopita tunalitazama wote wawili, kila mtu kutoka mlango wake.

Jioni nilimtuma Ève na kuku mweupe na kitambaa, kama afanyavyo mkwe aliyekosa, aulize kwa heshima: kuna njia yoyote? Alikaa huko muda mrefu. Jibu la mama: kuku amempokea. Kitu chochote tulichokilalia kitoke. Pasiwe na tundu kati yake na mimi, wala paa moja. Mimi niwe na nyumba yangu, yeye yake. Akaongeza kwamba amesikia nimefanya kazi nyingi, na mikono isichoke.

Noémie aliposikia hilo la mwisho aliingia jikoni. Nikamfuata. Tumenyamaza pamoja, ambayo ni afadhali kuliko jana.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimekitoa kitanda. Bolti ya mwisho ilipotoka, kuta zikaanza tena kulia, na gari likarudia kuyumba. Ambroise alitazama akatikisa kichwa. Kwa kina mkewe, asema, hakuna anayeuliza mambo haya. Lakini alivua koti akanisaidia. Tumepigilia mihimili miwili juu, chini ya paa, ishikilie kuta. Magunia ya chumvi sakafuni, pembeni, ili uzito ukae chini. Tundu nimeliziba kwa ubao. Paa la kabini na paa la nyumba yalikuwa yameunganishwa kwa bati, nimelikata. Sasa mwanga unapita katikati. Nyumba mbili zinazofuatana.

Ève ameleta mkeka mpya na godoro la nyasi ambalo mama amelichagua mwenyewe. Tumejaribu na bakuli. Maji yamebaki nusu.

Nimeiharibu kazi ya mwezi mzima, na nimeiharibu kwa uangalifu, msumari kwa msumari. Sina uchungu. Labda kidogo.

Jumatatu, 4 Oktoba

Tumeondoka asubuhi. Mama alipanda nikiwa nyuma ya nyumba. Nilisikia ngazi, kisha mlango, kisha Noémie akagonga ubao: twende.

Kuendesha hivi ni kazi ngeni. Sioni, sisikii. Noémie akigonga, napunguza. Akigonga kwa nguvu, nasimama. Mwenda pole hajikwai, lakini kwenye makunyanzi polepole ndiyo mbaya, na mwendo ule mzuri wa siku ile ya bakuli siwezi kuushika. Gari bila kitanda linatikisika vingine. Nimeutafuta mwingine mchana kutwa. Saa nyingine niliupata. Saa nyingine niligongewa.

Tumelala misioni. Wao ndani, mimi chini ya gari, juu ya mkeka. Noémie alishuka kunipa ugali. Mama amekula kidogo. Pumzi yake inasikika mpaka chini, huku nilipo.

Jumanne, 5 Oktoba

Kivukoni. Naandika kwa penseli ndani ya kabini, kivuko kiko ng'ambo.

Mvua imenyesha juu huko. Mto umepanda, mwekundu, unabeba vichaka vizima. Mkubwa wa kivuko ameingia kuangalia gari, akatoka akikuna kichwa. Amesema litavuka, lakini tupu. Hataki mtu ndani ya sanduku lenye mlango mmoja juu ya maji kama haya. Watu watakaa nje, sakafuni pa kivuko, karibu na wavuta kamba. Nimebishana naye kidogo tu. Ana haki. Kurudi Kamina ni siku nzima na zaidi, na mama hana siku ya kurudi nayo.

Lakini mama hawezi kusimama. Usiku ulikuwa mbaya. Noémie alijaribu kumshusha peke yake na wote wawili wakapepesuka ngazini. Nilisikia, nikaruka kutoka kabini — nikasimama. Nikageuka, nikautazama mto. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mwanamume mzima!

Wakaja wavuvi wawili, vijana wenye nguvu na adabu. Wakavua viatu, wakasema watambeba mama yao bila shida. Mama akawashukuru, akawarudisha.

Nikadhani basi, ameamua kukaa hapa ukingoni. Nilikaa juu ya jiwe, nikaona aibu ya yote: bolti, mihimili, magunia ya chumvi, mwezi mzima wa kufukuzana na makunyanzi, ili tuje tushindwe na ngazi ambayo yeye mwenyewe aliisifu kwamba ni fupi.

Kisha Noémie akanijia. Uso wake sikuuelewa, kama anayecheka na kulia.

"Mama anasema umuite shofere."

Nikauliza shofere gani. Hapa shofere ni mimi tu.

"Nilimuuliza vile vile. Anasema: 'Minyi shikusema mukwe. Nilisema shofere. Bale bavuvi shibajue. Shofere njo ananileta mpaka hapa, akuje animalizie.'"

Nikamwambia arudi akaulize tena, pengine ni homa. Hakurudi kuuliza. Akaenda kuushika mlango wa gari.

Sijui mtu hubebwa vipi bila kumtazama. Mkono mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni, kichwa chake kitaegemea hapa begani. Atakuwa mwepesi, wanasema wagonjwa wa moyo huwa wepesi. Kaka zake wakiuliza huko Malemba, sijui tutasema nini. Pengine ataulizwa yeye, na yuko hai wa kujibu. Mungu amwache ajibu mwenyewe.

Kivuko kimeanza kurudi. Wanaivuta kamba wakiimba, mto unawapeleka kando, wanavuta tena. Nimenawa mikono ukingoni, kwa mchanga, mpaka kwenye viwiko, lakini grisi ya Konokono haitoki yote. Noémie anaita. Anasema nije sasa, mama amekwisha kunyoosha mikono.