Kigari Kinachochemsha

Mjukuu wangu Elisante,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Mamba tu wazima kwa neema ya Mungu, tangawizi imestawi, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unaniuliza kama utoe akiba yako ya ada ya chuo ubadilishe injini ya kigari ulichonunua mkononi mwa mtu, maana kinachemsha. Fundi mmoja anasema rejeta, mwingine pampu ya maji, wa tatu injini nzima. Baba, hata mimi umenichanganya.

Nilipokuwa msichana, baba yangu mdogo alikuwa na gari dogo kuukuu. Kila likipanda mlima kutoka Same, linachemsha. Mafundi walikuwa ndugu zetu watatu, na ndugu humkatalii. Basi wakalifungua wote siku moja, kila mtu na upande wake. Kesho yake likapanda hadi nyumbani bila kutoa mvuke.

"Mnaona? Ni rejeta yangu!" akasema mmoja.

"Rejeta gani? Bila pampu yangu mngekuwa mnasukuma!"

Mchungaji naye alikuwa ameliombea. Baba mdogo akawalipa wote, na lilipoanza kuchemsha tena hakujua amrudie nani.

Ufundi siujui. Lakini naona uanze na kifaa cha bei ndogo, kimoja tu, halafu uendeshe kigari taratibu ukitazama mshale wa joto, kabla hujaigusa ada.

Mimi nakiombea. Ila Mungu akijibu, safari hii tujue amepitia kwa fundi yupi.

Bibi yako akupendaye,
Naamani